Hodi Mara Kumi na Sita

Ugomvi ulianza na feni. Saa nane usiku, nyumba ya shangazi yangu pale Ngamiani, Tanga, imetulia hata mbu anasikika, kompyuta yangu iliyolala kwenye chumba cha nyuma ikafurukuta. Feni ikavuma, kioo kikamwaga mwanga wa buluu hadi ukumbini. Hakuna aliyeigusa. Mimi mwenyewe nilikuwa Dodoma, kitandani. Kulipokucha nikapigiwa simu, na wala sikuulizwa nimeamkaje. Niliulizwa: "Mwanangu, hiki kitu chako kinaamshwa na nani?"

Swali hilo tulilikalia barazani wiki iliyofuata, baada ya alasiri, kwa kahawa na kashata. Tulikuwa wanne. Shangazi, mwenye nyumba na mwenye namba ya Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla. Fundi, kijana anayetengeneza kompyuta barabara mbili kutoka pale. Mzee wa Simu, jirani yetu, aliyefanya kazi kwenye mitambo tangu enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa. Na mimi, mfasiri, ambaye kamusi zangu, kumbukumbu za tafsiri na mafaili ya wateja viko kwenye kompyuta ya mezani isiyobebeka, na ambaye kila mwezi nina siku kumi za kuzurura. Nilitaka kitu kimoja: nikiwa mbali niiamshe, nifanye kazi, niilaze tena. Na nilitaka iwe kwa waifai, bila waya wowote. Nayaandika maneno yao karibu yote. Niliyoyakata ni yangu, maana siku ile nilisema mengi na nilipatia machache.

SHANGAZI: Naanza mimi niliyekosa usingizi. Hiyo kompyuta inalala au hailali? Kama imelala, hodi inaisikiaje?

FUNDI: Inalala, Bi Mkubwa, ila inaacha sikio moja wazi. Ukiilaza inazima kioo, diski, feni, na ubongo wenyewe. Vinavyobaki na umeme ni kumbukumbu ya kazi iliyokuwa ikiendelea, na kadi ya mtandao. Ndani ya pawasaplai kuna waya wa zambarau, unatoa volti 5 wakati wote, haukatiki mpaka uchomoe plagi ukutani. Nenda nyuma ya boksi lililochomekwa waya wa mtandao, utaona taa ndogo kwenye tundu inapepesa wakati mashine nzima ni kama maiti. Hilo ndilo sikio.

SHANGAZI: Na huyo anayebisha anasemaje?

FUNDI: Anataja jina. Kuna pakiti moja maalumu, ilibuniwa na AMD pamoja na Hewlett-Packard, waraka wake ukatoka Novemba 1995. IBM na Intel wakaiendeleza, maofisi yakaipenda kwa sababu mtu mmoja aliweza kuamsha kompyuta za ghorofa nzima usiku, akazitengeneza, akazilaza kabla wenyewe hawajafika kazini. Ni baiti 102 tu. Sita za kwanza zimejaa pomoni, kama mtu anayekohoa mlangoni kabla ya kusema. Halafu anwani ya kadi, ambayo ina baiti 6, inatajwa mara 16 mfululizo.

SHANGAZI: Mara kumi na sita! Sisi tumelelewa mara tatu, usipoitikiwa unageuza njia.

FUNDI: Kadi iliyolala haina akili ya kusoma barua, Bi Mkubwa. Inachungulia mfuatano tu. Jina likitajwa mara moja huenda limejitokeza katika mazungumzo ya wengine. Likitajwa mara 16 bila kupumua, hapo si bahati tena, ni wewe unayeitwa.

MZEE WA SIMU: Ikisikia, inaitika?

FUNDI: Haiitiki, babu. Hakuna karibu. Unabisha, unangoja nusu dakika, halafu unaijaribu kwa njia nyingine kama imesimama. Aliyebisha hana habari kama mlango haukusikika, au nyumba haina watu, au nyumba yenyewe haipo.

Mzee aliweka kikombe chini. Mtu aliyekula mshahara wa kengele miaka yote ile hawezi kuikubali kengele isiyorudisha sauti kwa mpigaji. Lakini Shangazi alikuwa bado kwenye usiku wake.

SHANGAZI: Basi ile saa nane nani alitaja jina?

FUNDI: Hakuna. Ni huyu kaka hapa. Kwenye dirisha la kadi kuna vijisanduku vitatu. Cha pili kinasema kadi iruhusiwe kuamsha mashine. Cha tatu kinasema iamshwe kwa pakiti ile maalumu peke yake. Yeye kaweka tiki kwenye cha pili, cha tatu kakiacha kitupu. Maana yake ruta ikiuliza tu "jamani, mwenye anwani fulani yupo?", ambalo ni swali la kawaida linaloulizwa usiku na mchana, mashine inakurupuka kama kuku aliyesikia kicheche.

Nilikiri. Sikukielewa kijisanduku cha tatu, nami kitu nisichokielewa huwa sikigusi. Desturi hiyo imeniokoa mara nyingi, ila si safari hii.

MIMI: Tiki tumeweka, yamekwisha. Hoja yangu ni waifai. Dunia nzima inaacha waya. Nimejaribu kwa mkono wangu: nikailaza, nikakaa dakika tano, nikatuma pakiti kwa simu kutoka uani, ikaamka. Kwa nini Fundi ananing'ang'aniza waya?

FUNDI: Ulipojaribu baada ya saa mbili?

MIMI: Kimya.

FUNDI: Na asubuhi yake?

MIMI: Kimya.

MZEE WA SIMU: Ngoja nimwambie mimi, kwa lugha yangu. Kijana, simu ya mezani ya zamani haikuwa na betri wala plagi. Umeme wake ulitoka kwetu, kwenye mtambo, volti 48, ukipita kwenye nyaya zilezile za sauti. Mtu akikupigia, sisi tulisukuma umeme wa kengele, mkondo geu, volti 75 hivi, na kengele yako ikalia. Simu yako ililala kabisa, haikufanya kitu. Aliyekesha ni mtambo, kwenye chumba chenye betri kubwa kama majeneza, na watu wa zamu. Waya ndio uliofanya mmoja aweze kulala na mwingine akeshe kwa niaba yake. Ukiuondoa waya, nani anakesha?

FUNDI: Hapo hapo! Kwa waya, kadi inakaa tu na sauti inaijia. Kwa waifai, aliyelala mwenyewe inabidi ahudhurie. Ruta inapiga mdundo kila baada ya milisekunde 100 hivi, kusema nipo. Matangazo ya wote haiyatoi ovyo, inayaweka kando, inayatoa baada ya midundo kadhaa. Kadi iliyolala lazima ifumbue jicho kwenye mdundo ule hasa, isikilize, ifumbe tena. Usiku kucha. Huo ni usingizi wa mlinzi wa ghala: kila mara aamke agonge kengele ya saa, bosi ajue yupo.

MIMI: Basi iamke, si ndiyo kazi yake?

FUNDI: Sijamaliza. Ruta ina ufunguo wa kufungia matangazo yale, na inaubadilisha, ruta nyingi kila saa moja. Wote walio macho wanapewa ufunguo mpya na wanatakiwa kujibu kwamba wameupata. Kadi nzuri inajua kuupokea ikiwa usingizini bila kuamsha mashine. Kadi yako haijui. Dakika tano ilikuwa bado na ufunguo halali. Baada ya saa mbili unapiga hodi kwa lugha isiyoijua. Na ruta nyingine, ikiona mtu hajajibu, inamfuta kwenye daftari kabisa.

Nilichomoa kete yangu ya mwisho. Mwaka 2009, Apple walipotoa mfumo wao wa kompyuta uitwao Snow Leopard, waliruhusu kompyuta zao ziamshwe kwa mtandao, na nyingine kwa waifai bila waya. Kwa hiyo inawezekana.

FUNDI: Inawezekana, sikukataa. Ila angalia walivyofanya. Kompyuta ikitaka kulala, inamkabidhi kazi mwenzake aliye macho nyumbani, kile kituo chao cha waifai au Apple TV. Huyo mwenzake anajibu kwa niaba yake, "yupo, yupo", na mtu akimhitaji kweli ndipo anamgusa bega. Hata wao waliweka mtambo wa babu.

MZEE WA SIMU: Mtu wa zamu.

Hapo ndipo nilipoanza kushindwa, ingawa sikusema. Nilidhani nabishania waya na hewa. Kumbe mjadala ulikuwa wa zamu: kila kinacholala na bado kinaitika kina mwingine anayekesha kwa ajili yake, na waifai inamtwisha zamu hiyo yuleyule aliyelala, asiye na nguvu wala ufunguo. Shangazi alikuwa ameshafika huko kwa njia yake, ya Luku.

SHANGAZI: Sasa tuzungumze hela. Huyo anayekesha anakula uniti ngapi?

FUNDI: Nilikuja na kipimo cha soketi. Mashine ikiwa macho bila kazi nzito inakula wati 60. Kwa siku nzima ni uniti 1.44. Ikilala inakula wati 2. Kwa siku 30 ni uniti 1.44.

SHANGAZI: Umerudia.

FUNDI: Sikurudia. Inachokula siku moja ikiwa macho ndicho inachokula mwezi mzima ikiwa imelala.

SHANGAZI: Haya. Na ruta?

FUNDI: Ruta… wati 8. Kwa mwezi karibu uniti 6.

SHANGAZI: Kwa hiyo aliyelala anakula moja na nusu, anayemkesha anakula sita. Mlinzi ghali kuliko mali.

Kwa haki, mlinzi huyo anatumiwa pia na binamu zangu wawili, na yeye Shangazi mwenyewe kwa mawaidha yake ya usiku. Lakini sikuthubutu kulisema hilo mezani pake.

MZEE WA SIMU: Mimi nina rai isiyohitaji mlinzi. Kompyuta ina saa ndani, ile yenye betri ya kidonge. Iambieni iamke saa kumi na mbili kila asubuhi na ilale saa tatu. Mnaagana saa, kama tulivyoagana sisi kabla ya simu: tutaonana Ijumaa chini ya mwembe. Hakuna hodi, hakuna ruta.

FUNDI: Inafanyika, babu. Kwenye BIOS, programu inayotangulia kuamka mashine ikiwashwa, kuna kengele hiyo. Umeme ukikatika saa haipotei, ile betri ndogo inaishika miaka.

MIMI: Lakini wateja wangu hawaagani saa. Mtu ananiandikia saa tano usiku, anataka istilahi zilezile tulizotumia mwaka juzi, na ziko Ngamiani.

MZEE WA SIMU: Mwambie asubiri kukuche.

Hii ndiyo hoja ambayo hadi leo sijaijibu vizuri. Nimeipita tu, kama nilivyoipita siku ile. Na kama unajiuliza kwa nini sikuyapandisha mafaili yote kwenye seva za kukodi nikaachana na baraza zima: hesabu bando la kupandisha gigabaiti 200 kwa laini ya simu, kisha tuendelee.

SHANGAZI: Mimi yangu ni fupi. Kompyuta ina kitufe. Mimi nina kidole. Unanipigia, nakwenda, nabonyeza. Unaniuliza imewaka, nakwambia imewaka. Hiyo karibu mnayoilalamikia, si mimi hapa?

MIMI: Na ukiwa sokoni? Ukiwa msibani?

SHANGAZI: Watoto wapo.

MIMI: Mwezi uliopita walibonyeza mara mbili, ikaamka ikalala tena, mkaniambia imewaka.

SHANGAZI: Iliwaka. Hukuuliza kama iliendelea kuwaka.

FUNDI: Bi Mkubwa ana hoja kubwa kuliko hiyo ya kidole, hajaitoa tu. Umeme ukikatika.

SHANGAZI: Nilikuwa naiweka akiba. Umeme ukikatika, sikio liko wapi?

FUNDI: Limekufa. Ile volti 5 hakuna. Kilichokuwa kwenye kumbukumbu hakipo, labda mashine iwe imewekwa kuandika nakala kwenye diski kabla ya kulala. Umeme ukirudi, mashine haimo usingizini tena, imezimika, na kadi nyingi hapo hazisikii hodi hata ubishe mara elfu, hasa za waifai. Dawa ipo, BIOS inaruhusu useme "umeme ukirudi, jiwashe". Itajiwasha, ikikaa dakika 20 bila mtu itajilaza, sikio liko wazi tena. Lakini hilo usipoliweka, kila kukatika kwa umeme kunarudisha kila kitu kwenye kidole cha Bi Mkubwa.

Shangazi alinyoosha kidole hicho, akakitazama pande zote mbili, akakirudisha kwenye kahawa.

Tulibaki na mlango wa nje. Pakiti ile ni mbiu: inapigwa kwa wote waliomo ndani ya mtandao mmoja, anayetajwa ndiye anayeinuka. Mbiu ya kijiji haisikiki wilaya nyingine, na ruta haziruhusu mtu wa nje apige mbiu ya ndani. Zamani nyingine ziliruhusu, wahuni wakatumia mwanya huo kutuma ujumbe mmoja ukajibiwa na mamia ya mashine kwa mpigo na kumzamisha mtu mwingine. Mwaka 1999 mwongozo wa intaneti namba 2644 ukaagiza mlango ule uwe umefungwa tangu kiwandani. Isitoshe, ruta ya Shangazi inatumia laini ya simu, na kampuni nyingi za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje. Kutoka Dodoma sina hata mlango wa kubisha.

MZEE WA SIMU: Na aliye ndani? Mtoto wa jirani mwenye neno la siri la waifai anaweza kubisha?

FUNDI: Anaweza. Pakiti haisemi nani kaituma. Kadi nyingine zinakubali kuongezewa neno la siri la baiti 6, lakini linapita wazi, kila mwenye masikio analisikia. Ila kuamshwa si kuingiwa, babu. Atawasha kioo, atakuta kinamdai nywila, ataondoka. Hatari ninayoiona mimi ni huyu kaka kutaka nimfungulie ruta ili aingie moja kwa moja kutoka nje. Hiyo sifanyi. Leo umefungua wewe, kesho usiku wanabisha watu usiowajua, na hao hawataki kuamsha, wanataka kuhamisha.

MIMI: Basi niambie unafanya nini.

FUNDI: Una simu ya zamani?

Nilikuwa nayo kwenye droo, kioo kimepasuka mithili ya utando wa buibui, betri bado nzima. Fundi aliiweka juu ya kabati karibu na ruta, akaichomeka chaja. Akaipa programu ndogo inayotoka yenyewe nje kwenda kuuliza kama kuna ujumbe wangu kwenye Telegram. Hakuna anayeingia, yeye ndiye anayetoka kuchungulia, kwa hiyo anwani ya nje haina tena umuhimu. Akikuta neno nililoandika, na limeandikwa na mimi tu, anapiga hodi zile 16 ndani ya nyumba. Bawabu. Na umeme ukikatika bawabu ana betri, halali.

Kuhusu waya, Shangazi alikataa ukuta wake utobolewe, na hapo hapakuwa na mjadala. Fundi akaleta kijiruta cha kurudishia mawimbi, cha mtumba, chenye tundu la waya ubavuni. Akakichomeka chumbani, akakiunganisha na kompyuta kwa waya wa mita moja. Kompyuta inaamini iko kwenye waya, taa ndogo nyuma inapepesa, inalala fofofo. Anayefukuzana na midundo na funguo za kila saa ni kile kijiruta, ambacho hakilali. Kwa hiyo waifai niliyoidai nimeipata, kwa sharti kwamba kompyuta yenyewe isijue. Wati 3 nyingine zimeingia kwenye Luku, na nimekubali kununua umeme wa mwezi mmoja kati ya mitatu.

Sharti la Shangazi lilikuwa moja: isiamshwe baada ya saa nne usiku. Fundi alilipachika ndani ya bawabu. Nikiandika saa tano, ananijibu kwamba wenyewe wamelala.

Wiki tatu baadaye nilikuwa tena Dodoma, chumba cha gesti, saa moja jioni, mteja ananingoja. Nikamwandikia bawabu. Kimya. Nikahesabu nusu dakika, nikajaribu kuingia, nikakuta giza. Nikahesabu tena. Kabla sijapiga simu ukaingia ujumbe wa Shangazi.

"Umeme ulikatika saa kumi, umerudi sasa hivi, ruta bado inahangaika. Feni yako naisikia. Karibu. Ukirudi usisahau zabibu."